Nilihurumia Pua ya Mchungaji

Dukani, Jumamosi mchana

Baba mpendwa,

Shikamoo. Kabla ya yote nakujulia hali. Kifua kimetulia? Na ile baridi ya karakana yenu, imekuzoea au wewe ndiye umeizoea? Sisi huku tu wazima. Mama hajambo, kidole gumba alichounguza kwa pasi kimeota ngozi mpya nyororo kama ya mtoto mchanga. Wadogo zangu nao hawajambo, isipokuwa kitinda mimba wako alimeza kifungo cha shati wiki iliyopita. Kifungo kimeonekana, Mama amekifua kwa sabuni mara tatu, na sasa wanabishana kama kirudishwe kwenye shati la mwenyewe au la. Spidi, yule fundi uliyemwachia mashine yako, anakusalimu sana. Anasema mashine inakukumbuka, maana akiikanyaga haraka inakata uzi kwa makusudi.

Najua utashangaa kupata barua badala ya simu. Kwenye simu mimi huishia kwenye "shikamoo" na "haya, nampa Mama." Unanijua. Shuleni nikisema lugha ya nyumbani naandikwa jina, nyumbani nikisema lugha ya shuleni naulizwa kama nina homa, basi nimeamua kunyamaza kwa lugha zote mbili. Lakini kalamu hainitazami usoni. Nimekaa kwenye meza ya kukatia, nimesukuma mabaki ya vitambaa pembeni, na nina mambo mengi.

Nimesikia kwamba Shangazi alikwisha kukupigia akakwambia Mama ameharibu nguo za kwaya na ameaibika mbele ya kanisa zima. Baba, si Mama. Nguo hizo nilizikata mimi. Naomba usome mpaka mwisho ndipo ucheke, au ndipo ukasirike, vyovyote utakavyoona.

Nianzie kwa Mchungaji wetu. Ulipoondoka mwaka juzi alikuwa Mchungaji tu, anakuja msibani kwa miguu na mwavuli wake uliovunjika kijiti kimoja. Tangu mahubiri yake yaanze kurushwa redioni, huyu mtu amekuwa kama mvua, kila mtu anamtazamia. Uso wake uko kwenye kalenda, kwenye majalada ya madaftari, kwenye viti vya mbele vya magari, hata kwenye chupa za maji. Jumapili moja alibakisha maji nusu chupa pale mimbarini, wamama wawili wakaivutania wapate baraka, maji yote yakamwagikia kinanda. Tangu siku hiyo kinanda kina sauti moja inayolia yenyewe katikati ya maombi, na watu wanaitikia "Amina."

Usidhani nawacheka wamama. Mimi nilikuwa mbele yao. Nilikuwa na picha zake kumi na moja. Nilikuwa na kifuniko cha kalamu alichokiacha kwenye darasa la kipaimara, nikakihifadhi ndani ya soksi. Siku aliyopita karibu yangu akanishika kichwa, sikuchana nywele siku nne, na Mama akidhani nimeamua kuachia nywele zikue.

Basi, mwezi uliopita Mwenyekiti wa akina mama alikuja dukani. Unamkumbuka, yule ambaye akiingia mahali hata kuku hunyooka. Alikuja na marobota matatu ya kitambaa. Walikuwa wanaandaa sikukuu ya miaka kumi na mitano ya utumishi wa Mchungaji, na kwaya ilitakiwa ivae magauni mapya, thelathini na mawili, ya kitambaa kilichochapishwa kiwandani kwa ajili hiyo. Mchungaji mwenyewe hakuambiwa, ilikuwa siri ya kumfurahisha. Mwenyekiti alimwambia Mama kwamba wengine kwenye kamati walitaka kazi iende kwenye lile duka kubwa la barabarani, lile lenye sanamu za plastiki dirishani, lakini yeye amemsemea. Zikitoka vizuri, nguo zote za kanisa zitashonwa hapa, za wahudumu na za watoto pia. Zisipotoka vizuri, alisema, basi yeye atakuwa ameaibishwa, na yeye hana desturi ya kuaibishwa peke yake.

Baba, tangu uondoke Mama alikuwa anabadilisha zipu na kupunguza suruali za watu. Siku ile alilishika lile robota akalinusa, kitambaa kipya, harufu ile ya wanga. Akasema polepole kwamba watu walianza kudhani mshonaji wa duka hili alikuwa wewe tu, na sasa wataona. Alifungua meza yote akaanza kupanga, huku anaimba.

Siku ya pili akaungua. Mtoto alilia, yeye akageuka, pasi ikamkalia kidole gumba. Kushona aliweza, maana kitambaa kinaongozwa kwa vidole vingine, lakini mkasi mkubwa unataka kidole gumba. Spidi hawezi kukata. Unajua mwenyewe, Spidi akikata suruali inatoka na miguu mitatu. Mama akanitazama. Akasema wewe ulinifundisha kukata magazeti nikiwa na miaka tisa, na kwamba mkono wangu umetulia kuliko wake. Akanikabidhi mkasi wako. Nikaukubali kwa furaha, sikuficha. Nani mwingine angestahili kumkatia Mchungaji?

Sasa nikueleze kitambaa, wewe ni mkataji utanielewa upesi. Ni cha kijani, maua ya njano, na maandishi "Miaka Kumi na Mitano ya Neema." Na katikati ya maua, kila baada ya mkono mmoja hivi, kuna duara kubwa kama sahani ya wali, na ndani ya duara ni uso wa Mchungaji akitabasamu.

Nikapanga vipande kama Mama alivyokuwa ameviwekea chaki. Kifua cha mbele: shingo ya gauni inapita kwenye paji la uso wake. Mgongo: zipu inampasua puani, nusu huku nusu huku. Sketi ya mbele: ni ya marinda, kila rinda linakunja jicho. Mkono: unabaki na sikio peke yake. Niliweka mkasi kwenye kile kipande cha kwanza, makali yakagusa nyusi zake, na mkono ukagoma. Nikautoa. Nikasali kidogo. Nikaurudisha, ukagoma tena. Alikuwa ananitazama, Baba, na anatabasamu, na mimi nimeshika mkasi. Nilijiona kama muuaji.

Nikatafuta njia. Nikasogeza kifua kwenye maua, nikasogeza mikono kwenye maandishi, marinda nikayaweka kwenye kijani kitupu. Nikabaki na uso mzima mzima, haujaguswa hata unywele, na nikatafuta katika gauni lote ni kipande gani kipana, kisicho na zipu, kisicho na rinda, kisicho na mshono wa kati, ambapo mtu wa Mungu anaweza kukaa kwa heshima. Kipo kimoja tu. Sketi ya nyuma.

Juu ya meza sketi ya nyuma ni kipande cha kitambaa tu, bapa, kama meza yenyewe. Niliuweka uso katikati kabisa, nikapima kushoto na kulia kwa futi ili usiende upande, nikakata. Mara thelathini na mbili. Kazi safi, wewe mwenyewe ungeisifu, hakuna hata mmoja uliopinda.

Utauliza hawakuona? Mama na Spidi walikuwa wanashona kwa upande wa ndani, ambako rangi imefifia, macho yao kwenye sindano. Spidi alishona sketi kumi na nane kwa siku moja na nusu bila kujua zina nini. Kupiga pasi na kukunja nilifanya mimi, kifua juu, maua na maandishi yamekaa sawa. Mwenyekiti alipokuja kuchukua alilishika la juu, akaitikia kwa kichwa, akasema hivi ndivyo vitu. Mama akacheka mpaka akasahau kidole. Na pale kanisani kwaya walivaa kwenye chumba kidogo cha nyuma chenye kioo kimoja cha kuonea uso.

Jumapili yenyewe ikafika. Kanisa limejaa mpaka madirishani. Spidi, ambaye kanisa hulijua kwa harusi tu, alikuja kuangalia kazi yake, akakaa pembeni yangu kwenye kiti cha nyuma, upande wa pili wangu Mama. Kwaya ikaingia kwa mlango mkubwa, wanaimba, ule mwendo wao wa taratibu, hatua moja mbele, kiuno kushoto, hatua moja mbele, kiuno kulia. Walipokuja walipendeza kama bustani. Kisha wakatupita.

Spidi aliniinamia sikioni. Yeye huniita Redio, kwa kuwa sisemi. Akaniambia Redio, hebu tazama, Mchungaji anacheza.

Nikatazama. Thelathini na wawili, Baba. Wanakwenda mbele ya kanisa wakituaga, na kila kiuno kikienda kushoto Mchungaji anakonyeza jicho la kushoto, kikienda kulia anakonyeza la kulia. Kwa wamama wembamba alikuwa na wasiwasi kidogo. Kwa wale ambao Mungu amewajalia, alikuwa amenenepa na anacheka kabisa. Viti vya nyuma vilianza kukohoa. Kikohozi kikapanda kiti kwa kiti kama moto wa nyasi. Mzee mmoja alijifunika uso kwa kitabu cha nyimbo, mabega yanatikisika. Mama hakukohoa. Alishika mkono wangu kwa ule mkono wenye bandeji, akabana.

Minong'ono iliwafikia kwaya wakati wanafika kwenye viti vyao. Bibi wa sauti ya pili, yule mwenye magoti mabovu, alikuwa ameshainama nusu ya kukaa. Jirani yake akamnong'oneza. Bibi akaruka juu kama amechomwa pini. Akapapasa nyuma yake, akajua. Neno likapita mstari mzima, na hakuna aliyekaa.

Mchungaji akaingia, akasali, akawaambia watu waketi. Kanisa likaketi. Kwaya ikabaki imesimama. Akatabasamu, akasema kwaya nao waketi. Wakainamisha vichwa kwa heshima, wakabaki wamesimama. Alidhani ni namna mpya ya sherehe, akaanza kuhubiri. Akahubiri robo saa, nusu saa. Wale wamama wamesimama tu, wametuelekea sisi, migongo wameibandika ukutani asije akaona kitu. Jasho linawatoka. Bibi wa sauti ya pili alishika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili, na kutoka kule nyuma niliona gauni lake linatetemeka chini, kwenye magoti.

Mchungaji aliona pia. Akanyamaza katikati ya sentensi, akauliza kuna nini. Kinanda kikalia peke yake, na safari hii hakuna aliyesema Amina.

Hapo Mwenyekiti akasimama akachukua kipaza sauti. Alisema, kwa sauti ya mtu aliyefiwa, kwamba kamati iliandaa zawadi ya upendo, lakini fundi amewatia aibu, amemdhalilisha mtumishi wa Mungu kwa namna isiyotamkika, na anaomba fundi huyo asimame alipo kanisa limjue ili mwingine asipotee kwake.

Mama akasimama. Alishikilia ule mkono wenye bandeji mbele ya tumbo. Akasema kosa ni lake. Alisema sauti ndogo, lakini kanisa lilikuwa kimya hata mtoto wa mgongoni angesikika akipumua. Hakunitazama, Baba. Alikaza shingo asinitazame, watu wasije wakafuata macho yake wakanifikia.

Nikaelewa kwamba sentensi ile ikibaki pale, kibao cha duka letu kinashuka. Na Mama angekishusha mwenyewe, na asingenitaja milele. Spidi alinitazama.

Nikasimama. Sijui nilisimamaje, miguu haikuniomba ruhusa. Nikasema si Mama, nimekata mimi. Mchungaji akaniuliza kwa upole, binti, umekata nini? Kwa nini hawakai? Watu mia nne wamegeuza shingo. Maneno yakanijia kwa lugha mbili yakagongana mlangoni, nikashukuru yalitoka ya nyumbani.

"Wakikaa watakukalia, Mchungaji. Uko nyuma."

Hakuelewa. Akashuka mimbarini akawaomba kwaya wageuke. Hawakutaka. Akawaomba mara ya pili, wakageuka polepole, mmoja mmoja, kuelekea ukutani, na Mchungaji akajikuta mbele ya nyuso zake thelathini na mbili, zote zinatabasamu.

Alizitazama muda mrefu. Niliona shingo yake inavimba, nikasema moyoni leo kwisha. Kisha kikatoka kicheko. Hakikuwa kile cha redioni, Baba, kile cha hee, hee, cha kupimwa. Kilikuwa cha ajabu, chembamba, kama mlango unaotaka mafuta. Alishika mbavu. Akaketi kwenye ngazi ya mimbari akacheka, akifuta machozi kwa tai, na kanisa lililokuwa limejizuia muda wote huo likapasuka. Mzee wa kitabu cha nyimbo alianguka kutoka kwenye kiti.

Mwenyekiti peke yake hakucheka. Na Bibi wa sauti ya pili hakucheka, maana magoti hayakumruhusu. Mchungaji alipomwona akanyamaza ghafla. Akainuka, akachukua kiti mwenyewe, akakisogeza nyuma ya Bibi, akamwambia akae. Bibi akatikisa kichwa.

"Mwanangu, siwezi kukukalia. Nitakufa nimesimama."

"Bibi, mimi niko hapa mbele yako, nina njaa na kiatu kinanibana. Huko nyuma ni pamba tu, tena ya kuchuja. Kaa."

Bibi akamtazama yule wa mbele, akapapasa yule wa nyuma, akafikiri. Kisha akakaa. Akashusha pumzi ndefu iliyosikika mpaka mlangoni, akasema, kwa kuridhika kabisa, kwamba hata ni laini. Wengine wote wakaketi kwa mkupuo, thelathini na mmoja, na makofi yakapigwa kama wameokoka.

Lakini Mchungaji hakurudi mimbarini. Alikaa pale pale kwenye ngazi, bila kipaza sauti. Alisema amehubiri miaka kumi na mitano, na leo mama mwenye magoti mabovu amekubali kuumia nusu saa ili asikalie picha yake, na yeye alikuwa pale pale juu anaendelea kuhubiri. Alisema wale wa jangwani angalau ndama wao alikuwa wa dhahabu. Akauliza kama kuna mtu anakumbuka Jumapili iliyopita alihubiri nini. Watu wakatazamana. Mmoja akasema alivaa suti ya buluu. Mchungaji akasema naam, hata yeye anakumbuka suti tu. Akaomba kalenda zake ziondolewe kanisani. Akaomba msamaha, na sauti yake ilikuwa ya mtu wa kawaida, ya mtu anayeomba apishwe mlangoni.

Si wote waliofurahi. Wapo waliosema amejishusha mno, na wawili wamehamia kwa mhubiri mwingine mwenye mabango makubwa zaidi. Shangazi ni mmoja wao, ndiyo maana ulisikia habari ile nusu. Lakini Jumatatu asubuhi, kabla sijafungua mlango wa pili, kwaya walikuwa wamepanga foleni nje ya duka na magauni yao mikononi. Walitaka nyuso zitolewe, tuweke kijani kitupu. Walitaka nizitoe mimi. Mama akanisogezea mkasi.

Wahenga wanasema kata pua uunge wajihi. Mimi nilihurumia pua, nikakaribia kuharibu wajihi wa nyumba nzima. Safari hii niliikata. Mkasi ulipita katikati ya nyusi, ukapita puani, na hakuna radi iliyonipiga. Nilipofika uso wa tano nilikuwa naimba. Bibi wa sauti ya pili alikataa lake lisikatwe vipande, akaomba duara lake zima tumshonee mto wa kiti, kwa sababu, alisema, wameshazoeana. Wa mwisho kuja alikuwa Mwenyekiti, Ijumaa ya wiki ile ile, anatazama dari. Alitaka gauni lake liongezwe inchi mbili kiunoni. Akiwa mlangoni ndipo akasema, kana kwamba amekumbuka tu, kwamba nguo za wahudumu zitaletwa mwezi ujao, vitambaa visivyo na mtu. Mama alisubiri afike kona ya barabara ndipo akanikumbatia.

Sasa nakuja kwenye lile lililonifanya nishike kalamu.

Jumatano hii Mchungaji alikuja mwenyewe na suruali mbili kwenye mfuko wa karatasi, zimembana. Mama alikuwa anamlisha mtoto, nikampima mimi. Baba, nimempima. Kiuno inchi arobaini na tatu. Bega la kushoto limeshuka kuliko la kulia, na wewe husema mtu wa hivyo amebeba mizigo utotoni. Nilimwuliza, akasema kweli, alikuwa anabeba makaa. Soksi moja ilikuwa na tundu. Nikasimama na futi shingoni, nikamtazama, nikampenda kama ninavyompenda mtu, si kama nilivyokuwa. Akaniuliza nani alinifundisha kukata. Nikasema, Baba yangu. Neno hilo nilikuwa sijalitamka kwa sauti muda mrefu sana, nikajifanya natafuta chaki chini ya meza.

Ulipoondoka nilikukasirikia. Nilijua ni kazi, nilijua ada yangu ya shule ilihusika, na bado nilikukasirikia, na sikuwa na mahali pa kuiweka ile hasira. Nikatafuta baba asiyeondoka. Mtu aliye kwenye kalenda haondoki, Baba. Ukiamka yupo, anatabasamu. Ulipokuwa unapiga simu nikimpa Mama upesi, ulidhani ni haya yangu ya siku zote. Haikuwa haya. Nilikuwa nakuadhibu, na wewe ulikuwa unaniombea radhi kwa Mama, unamwambia mwache, ndivyo alivyo.

Na kuna baya zaidi. Mwanzoni mwa mwaka shuleni walitupa fomu. Palipoandikwa jina la baba, niliandika jina la Mchungaji. Kwa kalamu ya wino, kwa mwandiko wangu mzuri. Mwalimu wa darasa aliamini. Nikahamishiwa kiti cha mbele, mwalimu mkuu akawa ananisalimu kwanza, hata mpishi aliniongezea chakula, na kila mmoja ananituma salamu zimfikie mzazi wangu. Nilizipokea zote. Nilikuwa najua namba ya kiatu cha mtu yule kwa sababu aliitaja redioni, na sikuijua yako.

Jana nilikwenda kwa mwalimu wa darasa nikamweleza. Nilieleza kwa lugha ya shuleni mpaka ikaniishia, nikamalizia kwa ya nyumbani, na hakuniandika jina. Alitoa fomu kwenye jalada, akanipa kalamu, akageukia dirisha nisione kama anacheka au vipi. Nikafuta kwa mstari mmoja. Juu yake nikaandika majina yako yote matatu, na mbele ya kazi nikaandika: mkataji wa nguo. Nimerudishwa kiti cha nyuma, na mpishi amepunguza mkono. Sijawahi kula kwa raha kama jana.

Nisamehe, Baba. Mama nimemwambia asubuhi hii. Alilia, kisha akaniuliza kama kweli mpishi alikuwa anaongeza nyama, tukacheka.

Mama anakusalimu sana, anasema uvae sweta. Wadogo zangu wanakusalimu, na mwenye kifungo anataka ujue kwamba hakikuuma. Spidi anakusalimu mara ya pili, kwa kuwa amenichungulia begani na kuona ya kwanza imekaa mbali. Wasalimie wenzako wote wa karakana, hata wasionijua.

Nimeweka pembeni kitambaa cha shati, cha rangi ya udongo, hakina ua wala maandishi wala mtu. Nataka nikukatie mimi. Vipimo vyako vilivyoandikwa ukutani Mama anasema ni vya zamani, usitumaini mtu abaki vile vile. Basi Jumapili mchana piga simu, nitapokea mimi, unitajie shingo, kifua, mabega yote mawili, na namba ya kiatu. Usikisie. Nitakuwa nimekaa na daftari, na sitampa Mama mpaka tumalize.

Ni mimi akupendaye,
Kifungua mimba wako